Verna Zupan na Asubuhi za Inchi Nane

Verna Zupan alizaliwa mjini kwetu, Coulter, wakati mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa bado wazi na mlima ulikuwa mlima tu, bila kiti hata kimoja cha kamba ya chuma cha kupandishia watu. Baba yake alikuwa mchimbaji aliyekuja na wazazi wake kutoka Slovenia. Mgodi ulipofungwa, kaka yake alikwenda kutafuta kazi katika mji wa Pueblo. Verna alibaki na mama yao mgonjwa, akamuuguza miaka kumi na minne, wala sikumsikia akilalamika. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia jikoni kwetu kuosha vyombo. Alipofika ishirini na mbili alikuwa ameshika mwiko, na hajauachia mpaka leo.

Kwetu ni mkahawa wa Thorsby. Baba mkwe wangu aliufungua, mume wangu Wendell akaurithi, na jina lile juu ya mlango halijawahi kuhusishwa na jambo la aibu. Tunauza baga, chipsi na supu ya maharage. Verna hupika baga arobaini kwa mkupuo juu ya bamba la chuma, haandiki chochote. Huminya vitunguu vilivyokatwa vyembamba ndani ya nyama mpaka vinaungua kingo, na hiyo ndiyo ladha ambayo watu hupanga foleni kwa ajili yake wakiwa bado na viatu vyao vizito vya mlimani. Anawajua watu kwa chakula chao. Mkurugenzi wa benki kwake ni "yule wa jibini mara mbili, hataki achari." Mimi, niliyefundisha historia katika shule ya mji huu miaka thelathini na moja, kwake nilikuwa "Mwalimu, supu, kikombe kidogo."

Nasema haya kwa haki, kwa sababu nilimwonea wivu mwanamke huyu miaka ishirini na sita, na mtu mwenye wivu asipokuwa mwangalifu husimulia nusu.

Chanzo ni desturi yetu. Theluji mpya ikifika inchi nane usiku mmoja, mkahawa haufunguliwi saa nne. Kadi aliyoiandika baba mkwe mwaka 1967 inaning'inizwa mlangoni: baga baada ya saa sita. Wafanyakazi wote huwa mlimani, wakiteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Ndivyo ilivyo pia kwa duka la vifaa, kinyozi na daktari wa meno, na ukiumwa jino asubuhi hiyo, ni shauri lako. Shule peke yake haifungwi. Kwa hiyo kila alfajiri kama hiyo Wendell alipima theluji kwenye ngazi ya nyuma kwa rula ya mbao, akapiga simu kwa Verna, ikalia mara moja, akakata. Hakuna neno lililohitajika. Mimi nilijifunika blanketi, nikahesabu mpaka mlango ulipofungwa.

Walikwenda wawili, siku zote wawili, kwenye msitu wa misonobari upande wa kaskazini. Walirudi saa sita na nyuso za aina moja: mashavu meusi kwa jua la kwenye theluji, na duara jeupe kuzunguka macho palipokaa miwani. Mji mzima una alama hiyo wakati wa baridi, lakini mimi niliziona mbili tu. Uso wangu ulikuwa wa rangi moja mpaka Aprili, rangi ya darasani.

Sikuuliza kitu. Watu wa familia ya Thorsby hawagombani kwa sababu ya mpishi. Mke wa mchungaji aliposema kwa upole kwamba "Wendell na Verna wanapendana na theluji kweli," nilimmiminia kahawa na kumwambia kwamba mfanyakazi mwema ni baraka. Nyumbani nilivunja sahani moja, kwa bahati mbaya.

Wendell alifariki Oktoba akipanga kuni. Moyo. Mimi nilikuwa nimestaafu mwezi Juni, nikashika mkahawa mwenyewe. Jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa ile kadi. Niliwaambia wafanyakazi kwamba wageni wanatoka mbali na wana haki ya kula asubuhi. Verna alikuwa akikwangua bamba lake. Hakugeuka.

"Hata zikiwa inchi kumi na mbili, Mwalimu?"

"Hata zikiwa ishirini."

"Haya," akasema. "Mwenye mlango ni wewe."

Wiki hiyo hiyo nilisikia kwamba mkahawa mpya chini ya viti vya kamba umemwita akapike huko, na kwamba ameomba muda wa kufikiri. Nilijua maana yake. Verna akiondoka, Thorsby ni mbao na jina tu. Lakini kadi sikuirudisha.

Desemba zilianguka inchi kumi na moja. Nilifungua saa nne kamili. Verna alikuja, akafunga aproni, akawasha moto, akasimama. Hakuingia mtu. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu kama daftari jipya. Saa nne na nusu Duane Hruska, mwenye kugawa barua, alipita na skii begani, akachungulia.

"Mwalimu, umesahau kadi?"

"Sijasahau."

"Wendell anajua?"

"Wendell amekufa, Duane."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akaenda zake.

Wageni nao walikuwa mlimani. Nani asafiri mbali hivyo aje kula baga wakati theluji inamsubiri? Saa sita watu walishuka, wamelowa, wana njaa, wakicheka. Nilisimama dirishani. Kwa miaka hamsini walikuwa wakivuka barabara kuja kwetu. Siku hiyo waliingia kwa muuza pitsa upande wa pili, mmoja baada ya mwingine, na nikaona glavu zao zikirundikana kwenye dirisha lake. Binti mmoja niliyemfundisha alisoma jina letu juu ya mlango, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo kioo hakikuizuia:

"Usiingie humo. Siku hizi ni duka la watalii."

Nimesoma mambo mengi kuhusu kuanguka kwa nyumba kubwa. Sikudhani nyumba inaweza kuanguka saa sita mchana kwa kuwa wazi.

Verna alizima moto, akaanza kufungua kamba ya aproni. Nikajua kwamba anakwenda kutoa jibu lake chini ya viti vya kamba. Basi heshima ikaniponyoka, nikauliza kile nilichokuwa nimekimeza miaka yote.

"Kulikuwa na nini kati yako na mume wangu?"

Alifikiri. "Hatua thelathini hivi."

"Usinifanyie mzaha, Verna."

"Sifanyi mzaha. Ndiyo nafasi tuliyokuwa tukiachiana mle msituni. Mwalimu, wewe umeishi hapa miaka yote hiyo, hujui kwamba mtu haingii mle peke yake? Chini ya kila msonobari pana shimo la theluji laini. Ukitumbukia kichwa chini, hutoki. Mwenzako akichelewa dakika chache, wanakuja kukuchukua na machela."

"Najua kuhusu mashimo."

"Unayajua kwenye kitabu. Yeye aliingia moja." Akanionyesha kidole chake cha kati, ambacho ukucha wake umeota kombo. "Miaka tisa iliyopita. Nilimfukua kwa mikono. Akatoka wa bluu, anatema theluji, akaniambia nisikwambie maana utamkataza."

Nilikumbuka. Alirudi na mkwaruzo shavuni, akasema barafu imemdondokea kutoka kwenye paa. Nilimpaka dawa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnafanya nini huko? Mnazungumza nini?"

"Kuzungumza? Mama wee, unapumua theluji mpaka kooni. Tulikuwa tunaitana tu. Yeye anaita Zupan, mimi naita Thorsby. Ukisikia jina, mwenzako mzima. Unateremka kidogo, unaita tena."

Alisema hivyo kunituliza, na nadhani alitegemea kwamba nitatulia. Lakini nilianza kupiga hesabu. Asubuhi kumi kila msimu, miaka ishirini na sita, na kila dakika moja au mbili jina. Mimi nyumbani aliniita mara ngapi? Tulikuwa tunaonana, hatukuwa na haja ya kuitana. Nilimwonea wivu wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, kwa tofauti moja tu: sasa sikuwa na la kumlaumu.

"Mimi nisingeweza kumfukua," nikasema.

"Usingeweza," akakubali. "Goti lako bovu, na ungeanza kwanza kumkaripia."

Sikucheka, ila nilikaa chini. Nikamwomba asiende kule chini. Sijawahi kumwomba mfanyakazi kitu maishani, na maneno yalitoka makavu.

"Kadi inarudi?" akauliza.

"Inarudi."

"Basi ntawaambia hapana. Hata hivyo bamba lao ni dogo."

Akafunga aproni upya, akaniwekea supu.

Theluji nyingine nzito ilikuja Januari, inchi tisa. Niliipima mwenyewe, nikaitundika kadi, nikajifungia ndani kukata vitunguu, ambavyo mpaka sasa Verna anasema navikata kama kuni. Kupitia dirisha la nyuma niliwaona wakipanda kwenye kiti cha kamba, Verna na Duane Hruska, kwa kuwa ilibidi apate mwenzi. Mguu wa Duane ulikuwa ukining'inia mahali pa mguu wa Wendell. Kitu kilinichoma, nikashangaa, maana hakikuwa changu. Nilikuwa naona wivu kwa niaba ya mume wangu.

Saa sita mkahawa ulijaa mpaka mlangoni. Duane akaja mbele ya wote, nyusi zimeganda, akaegemea kaunta.

"Mwalimu, huyu mama ana sauti. Ananiita mle msituni mpaka kunguru wanaruka."

"Kaa chini, Duane," nikamwambia. "Kuna watu mbele yako."

Hapakuwa na mtu mbele yake. Baga yake nilimpa mwisho wa wote.