Joka la Ziwani na Mabati Yaliyoachwa

Kabla watoto wangu hawajaangalia filamu yoyote, mimi huiangalia kwanza peke yangu. Ile ya joka la ziwani, iliyochezwa na watu na si katuni, niliikubali karibu yote: damu ni kidogo, mchawi anashindwa, na hakuna uchi wa kumfanya bibi yao atoke sebuleni. Kilichonizuia ni sehemu moja tu. Joka linapandisha maji, na nyumba ya mfalme inazama. Ziwa letu lilipopanda lilichukua nyumba yetu ya kwanza hapa Rumonge, na tangu hapo binti yangu mdogo alikuwa hakubali kufika ufukweni.

"Utamficha ziwa mpaka lini?" mke wangu aliniuliza. "Analiona kila siku akienda shule."

Jumapili tulikaa wote kuiangalia. Maji yalipoanza kuingia katika nyumba ile, nilishika rimoti, tayari kuzima. Binti yangu alisogea mbele.

"Papa, hawa watu iko wajinga," alisema. "Wanabeba panga na taji, mabati wanaacha! Sisi tulitoa mabati kwanza."

"Na milango," bibi yake akaongeza.

"Na milango! Sasa watajengea nini?"

Alicheka sana, hata joka likauawa bila yeye kuliona. Wazazi wenzangu wakiniuliza, nawaambia filamu hiyo inafaa, ila wakae na watoto wao kwenye sehemu ya maji. Jioni ile nilipokwenda ufukweni kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, binti yangu alinifuata. Alisimama nyuma yangu kidogo, lakini alifika.