Mwenye Redio Ashike Skrubu

Mume wangu Nasri ni fundi redio hapa Kaloleni, na kama hujawahi kugombana naye basi hujawahi kumpelekea kitu. Hafungui hata pasi ya umeme kama mwenyewe hayupo. Unakaa kwenye stuli, unakinga kiganja, na kila skrubu inayotoka anakuwekea wewe. Akimaliza unamrudishia moja moja. "Ili usije ukasema nimekunyofolea kitu," anasema. Watu wana haraka zao, wanamsonya. Mimi mwenyewe nimemsonya mara nyingi.

Tabia hiyo alitoka nayo jeshini. Alikuwa upande wa mawasiliano, na kazi yake ilikuwa kuzifunga redio za vita zisichokonolewe. Redio hizo zinaficha maneno. Adui akinasa, anasikia mvumo tu. Nasri alipaka rangi nyekundu juu ya kila skrubu ya kifuniko, ili ikiguswa ijulikane. Na ukilazimisha kifuniko, mambo yote ya ndani yanajifuta yenyewe, unabaki na bati. Wanaojua kuifungua bila kuishtua ni wachache, na mmoja wao anakula ugali wangu.

Hayo mdogo wangu Selemani aliyajua vizuri. Asubuhi moja akaja na mfuko wa sandarusi, salamu nyingi, akautua mezani. Ndani mlikuwa na redio, rangi nyekundu kwenye skrubu.

"Shemeji, hii imeokotwa vitani, haina mwenyewe," akasema. "Kuna jamaa anataka uifungue tu, aone inavyoficha maneno. Huyo atatutoa kimaisha."

"Imeokotwa vita gani?" nikauliza.

Akaitaja nchi. Ndiko aliko Abdulrahman, mwanangu wa pekee, kwenye kikosi cha kulinda amani, na mgongoni amebeba redio ya aina hiyo hiyo. Huyo jamaa akishajua siri ya redio hizo atawauzia wale wanaowawinda kina Abdulrahman, nao watamsikia mwanangu akisema yuko wapi. Na Selemani huyu huyu, siku mtoto anaondoka, alimshika kichwa akamsomea Fatiha, akalia mbele za watu! Hana haya huyu.

"Selemani, una wazimu? Unamuuza mpwa wako?"

"Dada, usikuze mambo. Redio ni redio."

Redio ni redio! Nilinyanyua birika la chai, na kama Nasri asingenishika mkono, leo Selemani angekuwa na kovu usoni.

Nasri hakupandisha sauti. Aliigeuza ile redio, akaitazama chini na juu, akairudisha mfukoni. "Sawa, shemeji. Lakini utaratibu wangu unaujua. Mwenyewe aje ashike skrubu."

Selemani akacheka, akasema atamleta, akaondoka nayo.

Wallahi siku ile nilimchukia mume wangu. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Mwanao wa kumzaa, Nasri! Akala chakula chake, akavaa kofia, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Sikumuuliza wapi. Nilitaka tu aondoke mbele ya macho yangu.

Alhamisi wakaja, Selemani na huyo jamaa, mtu mnene mwenye viatu vya kung'aa. Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili wanaosubiri tochi yao. Nasri akavuta stuli.

"Karibu. Kinga kiganja."

Jamaa akamkunjia Selemani uso. "Mkubalie tu, ndivyo alivyo," Selemani akamwambia. Basi jitu zima likakinga kiganja. Nasri akalegeza skrubu ya mkanda, ile ya nje isiyo na rangi, akamwekea.

"Redio hii ni yako?"

"Si ndiyo nimekuja! Yangu."

Wale wateja wa tochi wakasimama. Kumbe askari. Jamaa akatiwa pingu na skrubu ameifumbata, na Selemani naye akatiwa. Aliniita, "Dada! Dada!" Nikamgeuzia mgongo.

Baadaye nikamkabili Nasri. Kumbe siku ile alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wake wa zamani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Una mdomo, Swabaha. Ungemfuata ndugu yako umtukane, naye angeshtuka."

Nikazidi kukasirika, maana ni kweli.

Kesho yake mama yetu akaja kutoka Kikatiti. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Damu nzito kuliko maji," akasema. "Umemfungisha ndugu yako."

"Na damu ya Abdulrahman, mama? Hiyo ndiyo maji?"

Akajifunika khanga, akalia. Sikumbembeleza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu nimeikung'uta. Mwenye kununa anune. Lakini nilipomsindikiza barabarani miguu ilikuwa mizito, nisiseme uongo.

Jioni Abdulrahman akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mzima?"

Mzima, alhamdulillahi. Wako salama, chakula kibaya, mvua haikatiki. Akamuulizia baba yake, akamuulizia bibi yake, akawaulizia mpaka majirani.

"Na mjomba je? Bado ananiombea dua?"

Nilimtazama Nasri. Alikuwa ameinama, anaifuta vumbi ile stuli.

"Anakuombea, mwanangu," nikasema. "Muda anao mwingi siku hizi."