Fundi Aliyeumbuliwa na Farasi

Kazi yangu ni kushona nguo. Kipaji changu, kama ungeniuliza wakati ule, kilikuwa upelelezi. Sijawahi kumpeleleza mtu wala kuku, lakini filamu za majasusi nimezitazama mpaka nikaamini ujuzi ule unaambukiza kama mafua. Mteja akiingia dukani nilimtazama viatu kwanza, kisha kucha, halafu nikajua moyoni alikotoka na anachokificha. Mara nyingi alikuwa ametoka nyumbani na anaficha suruali iliyochanika.

Jumamosi alasiri nilifunga duka mapema, na chumba cha nyuma kikawa makao makuu. Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa mwenye chumba, mwenye televisheni na mwenye kiti cha mbele. Wa pili alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hisabati, mtu ambaye ukimwambia leo kuna jua anakuuliza una ushahidi gani. Wa tatu alikuwa kinyozi wa duka la jirani, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Mke wangu hakujihesabu kundini. Alikaa upande wa pili wa pazia akitia vifungo na kupiga pasi, na mara kwa mara alituletea chai na dharau kidogo.

Filamu zenyewe zilikuwa za zamani, diski zimejaa mikwaruzo, na majina yake halisi tulikwisha kuyasahau. Tulizipa majina yetu. Kulikuwa na Mwavuli, ambamo bwana mmoja mnene anakaa hotelini akijifuta jasho, akimsubiri mtu mwenye mwavuli. Kulikuwa na Mpishi, ambamo mpishi wa balozi anasikiliza siri kupitia kidirisha cha jikoni. Na kulikuwa na Farasi, ambamo mjane anavusha barua mpakani ndani ya tandiko. Kubishana tuirudie ipi kulichukua muda mrefu kuliko filamu yenyewe.

"Leo Farasi," Mwalimu alianza. "Mwavuli tumeutazama mpaka umetoboka."

"Mwavuli ndiyo shule," nikamjibu. "Farasi ni mapenzi tu yaliyopanda mnyama."

"Shule gani? Jasusi gani anatoka jasho mbele za watu? Jasusi wa kweli ni yule mjane. Nani atampekua mjane?"

"Mimi nasema Mpishi," Redio akadakia. "Ina akili, halafu ina chakula."

"Wewe huna hoja, una njaa," nikamwambia.

Mwishowe nilishinda mimi. Nilishinda kila Jumamosi, na nikadhani ni kwa nguvu ya hoja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sioni. Macho yote mawili yalikuwa yameingiwa na ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Mwanga niliuona, na mtu akisimama mbele yangu nilijua kuna mtu, lakini sura yake ilikuwa uji. Nilijua ni mtoto wa jicho, na nilijua dawa yake ni kupasuliwa. Hapo ndipo ushujaa wangu ulipoishia. Mimi ninayeshinda na mkasi mkononi naogopa kisu kuliko mtoto wa chekechea. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine kubwa zaidi. Nani atampa kitambaa chake fundi asiyeona? Duka likifungwa, chumba cha nyuma nacho kitafungwa, na mimi nitabaki mzee wa kuongozwa chooni. Basi nikaamua kuficha. Nani angenigundua? Mtaalamu nilikuwa mimi.

Mbinu zangu zilikuwa za hali ya juu, kwa maoni yangu. Mistari ya chaki niliipapasa kwa kidole. Wateja niliwatambua kwa kikohozi. Sindano niliziacha jioni kwenye kimto chake, na asubuhi nilizikuta zimeshatungwa uzi. Nikajisifu kwamba mikono yangu inakumbuka kazi hata kichwa kikisahau. Kwenye filamu ngao yangu ilikuwa Mwavuli, niliyoijua kwa moyo. Nilitangulia kusema kila jambo kabla halijatokea, ili nionekane ninaona kuliko wote.

Kero ilikuwa Redio. "Haya, anaingia mlangoni," angesema. "Ameshika mkoba mkono wa kushoto. Yule dada anageuka, anamkonyeza."

"Redio, sisi hatuna macho?" nilimkemea.

"Samahani, Fundi. Mdomo umezoea." Kisha akaendelea kama kawaida. Nilifikia hatua ya kutaka kumfukuza kundini.

Katika siku hizo hizo nilimshonea Mwalimu koti la kahawia. Nilimvalisha mwenyewe, nikampigapiga mabega kwa majivuno. Alisimama mbele ya kioo bila kusema neno, jambo lisilo la kawaida kwake. "Asante, Fundi," akasema hatimaye, na tangu siku hiyo hakuja Jumamosi bila koti lile. Nikajiambia kwamba hata mbishi akipata kitu kizuri hunyamaza.

Ikafika Jumamosi ambayo Redio aliamka hana sauti. Mafua yalikuwa yamempiga, koo limekauka kabisa. Tulibishana bila yeye, Mwalimu akashindwa kama ilivyo ada, akatia diski kwenye deki. Ikaanza kwa muziki, kisha ukimya mrefu. Kwenye kioo cha televisheni niliona doa la kahawia likisogea taratibu. Nikajiegemeza kitini.

"Mnamwona bwana mnene anavyojifuta jasho?" nikasema. "Kitazameni kile kitambaa. Ile ni ishara."

Redio alikohoa. Halafu nikamsikia Mwalimu akisema polepole, "Ndiyo, Fundi. Naona. Ni kweli kabisa."

Nywele zilinisimama. Mwalimu hajawahi kukubaliana nami tangu tujuane. Nilipooa alinibishia kama kweli nimeoa. Nikamjaribu tena: "Na jasho lile linaonyesha ana hatia."

"Bila shaka," akasema Mwalimu.

Huo ndio upelelezi pekee niliowahi kuufaulu maishani. Kama Mwalimu amesema bila shaka, basi pana jambo.

Mke wangu akaingia na chai. "Kumbe leo Farasi?" akasema. "Huyu mjane amekonda jamani, au ni hilo tandiko?" Kisha vikombe vikagongana ghafla kwenye sinia. Diski ya Farasi ilikuwa imewekwa kwenye kasha la Mwavuli. Mwalimu aligundua baada ya mimi kufungua mdomo, na hakuwa na moyo wa kunisahihisha.

Nikawageukia. "Mmejua tangu lini?"

"Kujua nini?" Mwalimu akajaribu.

"Mwalimu, usinifanye mjinga. Hiyo kazi naiweza mwenyewe."

Akashusha pumzi. "Tangu siku ulipolikaribisha chai lile sanamu la kuvalishia nguo pale dirishani."

"Nilikuwa natania."

"Ulilisubiri lijibu, Fundi. Ukaliuliza hali ya watoto."

Redio akajikaza, sauti ikatoka kama mlango wenye kutu. "Na mimi... unafikiri napenda kusimulia filamu nzima? Nashinda nikiongea kwenye kiti cha kunyolea. Jumamosi nilitaka kupumzika."

"Na sindano je?" mke wangu akauliza. "Ulidhani zinajitunga?"

Watu niliodhani nimewazunguka walikuwa wamenizunguka wao, na mimi katikati nimekaa kiti cha mbele nikitoa mafunzo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mwalimu akasema. "Mshukuru Mungu wewe umeumbuliwa na farasi."

Tulicheka, halafu mimi nikashindwa kuendelea kucheka. "Ninaogopa," nikawaambia. "Ninaogopa kisu. Na niliogopa mkijua mtaniacha."

"Tukuache twende wapi," mke wangu akasema, "na televisheni ni yako?" Akanishika bega, na mkono wake haukuondoka pale mpaka filamu ikaisha.

Hospitali walinipeleka wote. Sauti ya Redio ilikuwa imerudi, na pale kwenye benchi akanisimulia kila kitu: nesi anakuja, ameshika sinia, anatabasamu, ana mwanya. Nesi akamwomba atoke nje. Kisu chenyewe sikukisikia. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia kishujaa, nikakosa hata nafasi hiyo.

Jumamosi ya kwanza baada ya bandeji kutoka, tulikaa tukabishana. Nilitetea Mwavuli kwa hoja zangu zote, zile zile zilizoshinda miaka yote, na nikashindwa kura mbili kwa moja. Hawakunionea huruma hata kidogo. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Farasi ikaanza, lakini mimi sikuitazama. Nilikuwa namtazama Mwalimu. Lile koti la kahawia lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani. Bega moja lilipanda, lingine likashuka. Mfuko wa kulia ulikuwa karibu na kwapa. Mtu yule anayedai ushahidi wa jua alikuwa amelivaa mitaani, mbele ya wanafunzi wake wa zamani, Jumamosi baada ya Jumamosi, asiseme neno.

"Mwalimu," nikasema. "Vua hilo koti nilifumue."

"Kwa nini?"

"Limepinda. Hata uzi siyo wake."

"Una ushahidi gani?"

"Naona kwa macho yangu!"

"Macho mapya hayo, bado hayajazoea." Akalifunga kifungo cha juu, kikaingia tundu lisilo lake. "Koti langu halina kasoro. Tazama filamu."

"Haya, mjane anapanda farasi," Redio akasema, kisha akajiziba mdomo. "Samahani, Fundi. Nimesahau."

Nilimwona mjane waziwazi, na farasi wake, na hata vumbi.

"Amevaa nini?" nikamuuliza.