Minyoo wa Mchanga Siku ya Posa

Siku wakwe zangu walipokuja kwetu Nkoaranga kuleta posa, nilikuwa kwenye stoo ya kahawa, nimejifungia na minyoo. Si minyoo wa tumboni, tafadhali. Walikuwa wa baharini, wembamba kuliko uzi wa kushonea, niliowachota kwenye mchanga wa matumbawe huko pwani ninakofanyia kazi, nikapanda nao basi hadi mlimani, wakiwa ndani ya deli lenye maji ya chumvi.

Kazi yangu ya utafiti ni kujua wanapenda kukaa wapi. Upande mmoja wa trei nilitandaza mchanga wa chengachenga wenye nafasi za kupitisha hewa, upande wa pili tope laini. Minyoo nikawaweka katikati wachague wenyewe. Wakishaanza, huwezi kuwaambia wasubiri posa iishe.

Nilikuwa na wasiwasi. Mama wa mchumba wangu, Mchaga wa Lemara asiyezungusha maneno, alishatuma ujumbe kwamba ndoa ni sawa, ila mambo ya bahari niyaache, nitafute kazi ya heshima mjini. Nilimpenda mwanawe, mwenye duka la spea za magari mjini, hadi nikawa najichekea peke yangu njiani. Na bahari niliipenda vilevile. Sikujua ningeacha kipi.

Kwetu binti haonekani mpaka aitwe na kuulizwa mbele ya wazee kama anawafahamu wageni; akisema ndiyo, amekubali posa. Shangazi akaniita. Akarudia. Sikusikia chochote, maana kwenye hadubini mnyoo mmoja alikuwa anageuza kichwa kutoka kwenye tope. Huko sebuleni, niliambiwa baadaye, watu wakaacha kutafuna. Binti asiyeitika amekataa.

Mlango ulifunguliwa na mama mkwe mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, glavu mkononi. Badala ya kuitikia, aliuliza ni kitu gani hicho kinachomshinda mwanawe. Nikampisha kiti. Akaweka miwani sawa, akainama, akatulia kabisa, halafu mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

Akauliza kwa nini mnyoo anaikimbia sehemu laini. Nikamweleza kwamba kwenye tope hewa ni haba.

“Na ukimlazimisha?”

“Atakaa, mama. Ila atadhoofika.”

Alinitazama usoni, kisha akanishika mkono, glavu na vyote, akaniongoza hadi sebuleni. Shangazi akauliza kama nawafahamu wageni. Nikasema nawafahamu, na kina mama wakashusha pumzi. Mama mkwe hakukaa. Alimgeukia mwanawe mbele ya wazee wa pande zote mbili.

“Magari yanaharibika hata pwani. Hamisha duka, umfuate mwenzio.”

Mchumba wangu alijibu “ndiyo, mama” kabla mama yake hajamaliza, hadi baba yangu akapaliwa na chai kwa kucheka. Vigelegele vikapigwa. Nililia kwa furaha mbele ya wazee wote, na sikuona aibu hata kidogo.