Wageni Wasisimame

Pasta Phineas alifika kwenye duka la agroveti siku ya soko, wakulima wa kutoka kijiji cha Ziwa wamejazana wakinunua dawa ya minyoo, akapanga foleni kama mtu mwenye ng'ombe. Hana hata kuku. Alikuwa anamtafuta Jerop, muuzaji wa hapo, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba huyu binti, ambaye kwa miaka alimwona kanisani bila kumjua jina, amevuna vijana kwenye intaneti. Na Askofu alikuwa anakuja Jumapili.

Hilo neno "kuvuna" lilimkera Jerop kutoka mwanzo. Hakuwa amevuna mtu, hao hawakuwa mahindi. Yeye alipenda tu katuni za Kijapani, zile za watu wenye macho kama visosi na nywele rangi ya sabuni ya unga. Alifungua kundi kwenye mtandao wa Discord akaliita Macho Makubwa, na kila Alhamisi jioni walitazama pamoja, kila mtu chumbani kwake, halafu wakabishana kwa maandishi. Mwishoni Jerop alikuwa na tabia ya kutupa swali: huyu muuaji wa leo akiomba msamaha, mngempa? Vijana ambao kanisa walilikanyaga mara ya mwisho wakiwa wamebebwa mgongoni waliandika mpaka vidole vikauma. Siku moja mmoja akauliza, na huyo Mungu wako, yeye angempa? Jerop akajibu anavyoamini. Hivyo ndivyo Injili ilivyoingia Macho Makubwa, bila kipaza sauti wala bahasha ya sadaka.

Kundi lilikuwa na sheria moja tu: hakuna mtu kulazimishwa kujitambulisha. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya Apiyo, msichana aliyepanga chumba Kesses na kushona mavazi ya wahusika wa katuni. Kanisa la nyumbani kwao lilishawahi kumsimamisha mbele ya watu wote, wazee wakamwekea mikono kumfukuza pepo la kuchora, kisha michoro yake ikatiwa kwenye jiko. Baada ya miezi mingi alimwandikia Jerop: "Mungu wako nimeanza kumwelewa. Shida ni watu wake. Wakinisimamisha tena, sister, nimemalizana na nyinyi wote, pamoja na yeye."

"Walete, binti yangu," Pasta alisema, ameegemea gunia la chumvi ya ng'ombe. "Askofu awaone kwa macho."

"Watakaa nyuma," Jerop akasema. "Na ile mambo ya wageni wasimame, waseme majina na wametoka wapi, isikuwe. Kuna mmoja akisimamishwa atapotea kabisa."

"Hatasimamishwa."

"Niahidi, Pasta."

"Kwani mimi ni mtoto? Nimeahidi mbele ya hii dawa ya kupe."

Foleni ikacheka. Usiku Jerop akamwandikia Apiyo: njoo, hutasimamishwa, nimehakikisha.

Walikuja saba, kanisani mtaa wa West Indies, wakakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Apiyo alivaa koti refu alilolishona mwenyewe, kola imesimama hadi masikioni, na nywele zimesukwa kwa uzi wa bluu. Mama Murunga, mwenyekiti wa kina mama, aliziangalia hizo nywele kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya unga. Yeye mwenyewe alikuwa na wigi la rangi ya damu ya mzee, lakini hilo lilikuwa limeokoka.

Wakati wa matangazo Pasta akasimama, akamtafuta Jerop kwa macho, akatabasamu.

"Leo wageni wasisimame," akasema.

Jerop akapumua.

"Leo wenyeji ndio tutasimama."

Na kanisa zima likasimama, viti vikikwaruza sakafu, mpaka wale saba wakabaki peke yao chini ya ukuta wa suti na vitenge, kama watu waliotumbukia kisimani. "Geukeni muwaone," Pasta akasema, na kanisa likageuka. Wakaimbiwa wimbo wa kukaribisha wageni, beti zote, na makofi, na kupungiwa mikono. Collins, kiongozi wa vijana, akakimbia na simu akirusha matangazo laivu, anainama kwa kila uso kama daktari wa meno.

Wimbo haujaisha vizuri, Mama Murunga akatokea jikoni na karai la makaa ya moto, akaliweka mbele, miguuni pa meza ya Askofu, ile yenye kitambaa cha kufuma na chupa za maji.

"Kila mmoja atoe kitu kimoja cha hayo makatuni, tukichome," Pasta akasema. "Dada mwenye koti, anza wewe. Unaweza kulivua ukiwa umekaa hapo hapo."

"Pasta, uliniahidi," Jerop akasema kutoka katikati.

"Nimemsimamisha? Kanisa, huyu dada amesimama?"

"Amekaa!" kanisa likajibu, na likacheka.

Jerop aliwajua wote waliocheka. Alikuwa amewauzia dawa, amewakeshea matanga, amewaoshea vikombe kwenye harusi za watoto wao. Hasira ilimpanda kutoka miguuni kama uji unaofurika. Akatoka kwenye mstari, akaenda mbele. Askofu, akidhani huyu ndiye wa kwanza kutubu, akamfungulia mikono. Jerop akachukua chupa ya maji ya Askofu, akaifungua, akaimwaga yote kwenye karai. Haikutosha. Akachukua ya Pasta.

Majivu yalipaa, yakatafakari kidogo hewani, kisha yakashuka juu ya kanzu nyeupe ya Askofu, naye akapiga chafya ndani ya kipaza sauti.

"Hawa walinisikiliza kwa sababu sikuwahi kuwadanganya," Jerop akasema. "Sasa umenifanya mwongo, na nyinyi mmecheka."

Alipogeuka, pale karibu na mlango Apiyo hakuwepo.

Wazee walikaa kikao juma hilo hilo. Jerop akafungiwa meza ya Bwana na kuhamishiwa kiti cha nyuma mpaka atubu. Ripoti ya Pasta ikasema vijana wamefikiwa kwa wingi na kwamba moshi wa utukufu ulionekana madhabahuni. Jerop aliisoma dukani, mkono wake ukaponda pakiti ya dawa ya viroboto. Lakini hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni kwamba Apiyo alikuwa ametoka Macho Makubwa bila neno.

Siku yake ya mapumziko alienda Kesses, akaulizia mshonaji, akabisha.

"Nani?"

"Jerop. Wa Macho Makubwa."

Cherehani ikanyamaza. "Umetumwa?"

"Na nani? Nimefungiwa. Hata kikombe cha chai hapo kanisani sishiki."

"Niliona video ya yule kijana wa simu. Askofu alipiga chafya vibaya."

"Na akajifuta na kile kitambaa cha meza."

Kama Apiyo alicheka, mlango haukusema. "Uliniambia hawatanisimamisha."

"Nilikuambia."

"Walichofanya ni mbaya kuliko kunisimamisha."

"Najua."

Jerop alikuwa amekuja na maelezo marefu: Pasta alisema, Pasta aliapa, foleni nzima ilisikia. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa takataka.

"Nilikuahidi kwa mdomo wa mtu mwingine," akasema. "Nisamehe."

Komeo likasogezwa.

"Ingia. Lakini usiniombee."

Huko alikozaliwa Jerop, mgeni haketi wala hapewi chai kabla ya maombi. Kunyamaza ni kama kuingia nyumbani umevaa gambuti zenye samadi. Na ombi alikuwa nalo, refu, nusu yake ikimtakia Phineas mabaya. Akalifungia ndani, likamchoma. Akavua viatu, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapewa ncha ya kitambaa ashike.

"Vuta," Apiyo akasema bila kumwangalia. "Sio hivyo. Utanipindia mshono."

Jerop akalegeza mkono.