Tumbo Lililokataliwa na Daraja

Nimemkosea mke wangu mara nyingi, lakini kosa kubwa kuliko yote lilitokana na tumbo langu. Sisemi tumbo kwa maana ya ulafi, ingawa ulafi nao ulikuwepo. Nasema tumbo lenyewe, lile lililotangulia kuingia darasani hata wanafunzi wakasimama kabla hawajauona uso wangu. Nilitaka kuliondoa. Katika kulitafutia kisu, nusura nimwondoe nyumbani yule aliyelijenga.

Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyabiondo milimani, nimemaliza sekondari, jambo ambalo siku hizo lilitosha kumfanya mtu asalimiwe kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeoa binti wa wakulima wa Lushebere, naye alijua kupika. Maharagi yake yaliiva polepole tangu asubuhi, akayatia mawese yaliyotoka Walikale, na bugali wake wa muhogo haukuwahi kuwa na donge. Kwetu, mume akinenepa baada ya arusi, sifa haziendi kwake, zinaenda kwa mke. Watu walipokutana naye njiani walimwambia, "Mama, tunaona kazi yako inatembea." Kazi hiyo ilikuwa mimi. Baba yake alipokuja kututembelea alinitazama shingo kwanza, ndipo akanisalimu.

Basi ikafika barua kwamba nimeteuliwa kuwa direkta, yaani mwalimu mkuu, wa shule ng'ambo ya mto Lowa, upande wa msitu, Walikale. Nikavaa koti, nikaenda kuiona shule yangu. Njia ilipita juu ya daraja la kamba za msituni, lililosukwa na kufungwa kwenye miti ya kila ukingo. Mlinzi wake alikuwa mwindaji mzee. Yeye ndiye aliyefunga kamba upya kila msimu, kwa hiyo yeye ndiye aliyesema nani apite na nani abaki. Alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mwalimu, hii daraja inabebaka muntu moja na muzigo yake."

"Mimi sina mzigo, Papa." Nikamwonyesha mikono mitupu.

"Muzigo naiona. Ulishaifunga mbele."

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Mama mmoja mwenye kikapu cha uyoga akasema, "Papa, umuache apite. Samaki nazo zinahitaji kula."

Nikauliza nipunguze kiasi gani. Mzee akaniambia niweke mguu mmoja. Nikauweka, na daraja likalia kuanzia miguuni pangu mpaka ng'ambo.

"Umesikia?" akasema. "Upungue mpaka ikunyamazie."

Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya likizo kubwa. Nilikuwa na miezi miwili ya kunyamazisha daraja.

Nikaenda kwanza kwenye shamba la kahawa, kwa rafiki aliyekuwa anapima magunia. Akanipandisha kwenye mizani, akasogeza chuma, akaongeza chuma kingine, akakuna kichwa. Nilikuwa karibu magunia mawili yaliyojaa. Akaniambia, "Kaka, kama ungekuwa kahawa, ningekutafutia lori."

Nikajaribu kutembea. Kila asubuhi nilipanda kilima, na kila mchana nikarudi na njaa ya wachimba barabara wawili. Mke wangu alifurahi kuona sufuria inarudi nyeupe, akaanza kupika kubwa zaidi. Nikajaribu mganga mmoja wa msituni, akaninywesha maji ya ganda chungu. Siku tatu nilikaa chooni, na kweli nilipungua. Jumapili nilikuwa nimerudi kama zamani.

Msomaji atauliza kwa nini sikumwambia mke wangu apunguze chakula. Nami nimejiuliza hivyo mara nyingi. Lakini ungemwambiaje mwanamke, ambaye sifa yake yote mlimani ni wewe, kwamba unataka kuipunguza? Nilimwogopa. Sikuogopa hasira yake, maana hakuwa nayo. Niliogopa uso ambao angenitazama nao. Basi nikamdanganya kwamba kuna mkutano wa walimu, nikafunga safari ya siku mbili kwenda hospitali ya misheni, kwa daktari aliyesifika kwa kupasua ngiri. Nilijiambia, kama kisomo changu kilivyonifundisha kufikiri: huyu anayerudisha ndani yaliyotoka nje, hawezi kushindwa kutoa nje yaliyozidi ndani.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye nywele nyekundu, aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wake. Akanibonyeza huku na huku.

"Ngiri iko wapi?"

"Hakuna, Munganga. Tumbo yote njo nataka utoe."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaona sicheki, akavuta kiti, akachukua karatasi na kalamu. Namshukuru mpaka leo kwa kuwa hakunifukuza.

"Kuko njia mbili," akasema. "Ya kwanza, nakata mafuta ya hapa mbele, chini ya ngozi. Kidonda inakuwa mrefu kama mukaba yako, na kwa muntu munene inakawia kupona. Tena tumbo ya ndani inabaki. Ukikula kama zamani, mafuta itarudi kukaa kwake."

"Na ya pili?"

Akachora utumbo, mzunguko juu ya mzunguko. Akasema amesoma katika magazeti ya waganga kwamba ng'ambo wako wanaoufupisha: wanaunganisha sehemu ya juu na sehemu ya chini, chakula kipite haraka bila kuacha nguvu yake mwilini.

"Watu wanapungua?"

"Wanapungua kweli."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma yake wanakimbia choo, kila siku, pengine miaka. Wengine wanaishiwa nguvu. Wengine ini inaharibika. Wengine wanarudi kuomba njia yao ya zamani. Na kisha miaka makumi mbili, muntu kama huyo atakuwa namna gani? Hakuna mwenye anajua. Ni jambo mupya. Mimi sitakupasua, Mwalimu. Lakini kuko njia ya tatu."

"Gani?"

"Bibi yako. Umuambie apunguze bugali."

Nikamwambia ya tatu ni ngumu kuliko ya pili. Alidhani natania.

Nikatoka na karatasi yake, nikakaa kwenye benchi la nje kupima mambo. Alikuwa amekataa, lakini mimi nilikuwa bado napima, kama mtu anayeulizia bei ya kitu kisichouzwa. Kovu refu kama mkanda niliona naweza kulificha chini ya shati. Choo ndicho kilinishinda. Nilijiona direkta, nimesimama mbele ya shule nzima siku ya bendera, wimbo wa taifa haujafika katikati, nami nakimbilia vichakani huku walimu wangu wakiendelea kuimba kwa heshima.

Hapo akapita muuguzi mmoja, kijana wa Lushebere, wa ukoo wa mke wangu.

"Shemeji, unagonjwa?"

"Hapana."

"Njo unatafuta nini kwa munganga wa kisu?"

Nikapiga tumbo langu kama ngoma. "Hii. Chakula ya dada yako imenijaa humu. Nilikuja waitoe."

Nilisema kwa mchezo, naye akacheka, lakini akacheka kidogo. Nilizaliwa katika milima hii na nilijua. Kwetu mume anayeiacha nyumba yake kwa siri kwenda kufunguliwa tumbo hasemi kwamba ni mnene. Anasema mke wake amemtilia kitu. Hata ningekaa kimya kwenye lile benchi, kukaa kwangu pale kungetosha kusema. Nilijua, na siku ile nikajifanya mtu wa karatasi na kalamu asiyehusika na mambo kama hayo.

Nilipumzika siku mbili kwa rafiki aliyekaa karibu na misheni, nikala kwake vizuri, kisha nikarudi taratibu. Habari haikupumzika. Nilipofika nyumbani mchana, jiko lilikuwa baridi. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni na nguo zake zimefungwa katika kitenge. Uani alikuwepo baba yake, katika kiti changu, pamoja na mjomba wake mmoja na shangazi yake. Baadaye nilisikia kwamba kwa siku mbili wanawake walikuwa wanasogeza mitungi yao kisimani kila alipofika, na jirani alimrudishia bakuli la sombe, majani ya muhogo, bila kulionja. Mwanamke ambaye chakula chake kinaogopwa hana mlima wa kukaa. Hilo ndilo nililomletea kutoka mkutano wa walimu.

"Mukwe," baba mkwe akasema, "tulisikia unaenda kupasuliwa."

"Hapana, Papa. Nilienda kuuliza tu."

"Kuuliza nini? Kama mutoto wetu alikutilia kitu ndani ya chakula, sema hapa, tumurudishe kwetu leo. Kama hakukutilia, ile tumbo inakukosea nini?"

"Kwetu alikuwa anapikia watu kumi," shangazi akaongeza, "na hatujaona mwenye alifunguliwa na kisu."

Kwa upumbavu wa msomi nikatoa karatasi ya daktari, iwe shahidi wangu. Mjomba akaichukua, akaigeuza, akautazama ule mzunguko juu ya mzunguko, akampa baba mkwe.

"Hii ni nyoka," baba mkwe akasema.

"Ni utumbo, Papa."

"Mimi nalimaka tangu utoto, nyoka naijua. Nani aliiweka humo?"

Nikaeleza daraja, mlinzi, magunia mawili ya kahawa, yote. Hakuna aliyecheka. Ndipo mke wangu akasema, kwa mara ya kwanza, bila kupandisha sauti.

"Ulikuwa na kinywa ya kuambia muzungu mwenye haumujui. Kinywa ya kuniambia mimi uliiacha wapi?"

Shangazi akainuka, akakung'uta kitenge chake. "Maneno tumechoka. Apike. Huyu akule mbele ya watu, tuone."

Basi mke wangu akawasha moto. Maharagi hayataki haraka, na wakati yanaiva uani palijaa, wakiwemo wanawake wa kisimani, wamekuja kuangalia tu. Alipika kila kilichokuwa ndani: maharagi, sombe, ndizi, na bugali uliokaa kwenye sinia kama kile kilima nilichokuwa nikipanda asubuhi. Akaweka sinia mbele yangu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwetu anayewapa wageni pombe ya ndizi huonja kwanza, wajue ni salama. Lakini mke hamwonjei mume. Ingekuwa kama kukiri kwamba kuna cha kuogopa. Yeye akamega tonge la kwanza, akalichovya katika maharagi, akatafuna, akameza, akafungua kinywa watu waone. Kisha akanisukumia sinia.

Nikala. Nilikuwa nimetumia likizo nzima kupigana na unene wa bugali, na sasa ndoa yangu ilikuwa chini yake, mwishoni mwa sinia. Robo ya kwanza nilikula kwa furaha, maana, niseme ukweli, nilikuwa na njaa. Nusu nilikula kwa toba. Kisha nikafungua mkanda.

"Mwalimu," jirani akasema, "uachie kisu nafasi kidogo."

Hapo watu wakacheka, na nikaona bega la mke wangu likitikisika, ingawa alikuwa amegeukia jiko. Shangazi akaniongezea maharagi bila kuulizwa. Nilipofika chini nikapangusa sinia kwa kidole, na nikafanya jambo moja la busara katika kisa hiki chote. Nikaomba nyongeza.

Haikuwepo, ila ukoko. Mama mmoja wa kisimani akanyoosha mkono, akasema, "Ukoko unipe mimi." Mwingine naye akanyoosha. Wakala, wakaramba vidole. Baba mkwe akainuka kwenye kiti changu, akaniangalia shingo, akaomba maji ya kunawa. Mke wangu akafungua kile kitenge, akarudisha nguo ndani.

Udirekta alipewa mwenzangu mmoja, mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Nasikia daraja halikusema neno.

Daktari alisema hakuna anayejua mtu atakuwaje baada ya miaka ishirini. Mimi naweza kueleza, kwa upande wa kisu ambacho hakikunigusa. Kesho yake mchana mke wangu aliniletea sahani, akamega tonge la kwanza, akala, kisha akanisukumia.

"Wacha, Mama," nikamwambia. "Ilishaisha."

"Kula. Munganga iko mbali."

Na siku iliyofuata vilevile. Alifanya hivyo bila hasira, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Watoto wetu walikua wakidhani ni desturi ya Lushebere. Nilimwomba radhi mara nyingi, naye aliniambia ameshasamehe, na nadhani alisema kweli. Mkono tu ndio haukusahau. Miaka mingi baadaye, vita vilipotusukuma mpaka kambi ya Kashuga, na chakula chetu cha siku kilikuwa maharagi ya kiganja kimoja, alichukua punje ya kwanza, akala, akanipa zilizobaki. Tumbo langu wakati huo lilikuwa limekwenda lenyewe, na halijarudi. Leo ningevuka daraja lolote la Walikale na mbuzi begani.

Yeye ametangulia. Sasa mkamwana wangu ndiye anayenipikia, na anapika vizuri. Sahani hufika nzima, hakuna mkono uliopita. Nakaa nayo mbele yangu kwa muda, mpaka aulize kama chumvi imepungua. Namwambia hapana, iko sawa. Kisha nakula.