Siku Bi Moto Aliposimama Mbele ya Sinema

Kiwandani walimwita Bi Moto, na jina halikumwonea. Ukimsalimu kwa sauti ya chini, anakupita kama hakuoni. Ukimwita kwa nyuma, huambulii kitu. Ukimgusa bega, anageuka na kukufokea mpaka wa mtaa wa pili wasikie. "Mama huyu hana dogo!" walisema wageni. Waache waseme. Afadhali waseme ana hasira kuliko wajue kwamba hasikii.

Mashine za kufuma nguo ndizo zilizomla masikio. Miaka ishirini na mitatu alisimama katikati ya mashine nne, kila moja inagonga kama mtu anayevunja mlango, na kinga yake ni pamba, tena ya kujiokotea mwenyewe sakafuni. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likafuata bila kuaga. Na sheria ya kiwanda ilikuwa fupi: asiyesikia kengele ya hatari arudi kwao. Jamani! Wanakuua masikio, kisha wanakufukuza kwa kuwa huna masikio! Nyumbani Bi Moto alikuwa na mume aliyepooza na wajukuu wawili wadogo, wote wakimtegemea yeye.

Siri hiyo aliijua wifi yake tu, aliyekuwa kwenye mashine za jirani. Kazini uziwi haukumsumbua. Mle ndani hata mwenye masikio mazima hasikii neno, kwa hiyo wafumaji wote huzungumza kwa midomo na mikono. Kusugua tumbo maana yake msimamizi anakuja, kwa sababu msimamizi, wanayemwita Kitambi, hulitanguliza tumbo lake kila aendako. Ngumi ikitikiswa juu, ni kengele. Viganja viwili vikibonyezwa chini, uzi umekatika, kaa hapo hapo, usiguse kitu. Kwa mikono hiyo watu walisengenyana, walitongozana, wengine walichumbiana kabisa. Kitambi hakujisumbua kujifunza lugha hiyo. Aliiita michezo ya wasio na kazi.

Kila mwaka, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa kiwanda, wote walikusanywa ghalani saa nane mchana. Madirisha yanafunikwa, linatundikwa shuka jeupe walilolifuma wenyewe, wanaonyeshwa sinema. Ile ile! Ya zamani, bubu, imekwaruzika kila mahali. Jitu moja nene lenye suruali fupi linabandika lebo kwenye makopo. Mkanda unaopitisha makopo unaongezwa mwendo, nalo linabandika, linabandika, mpaka linambandika paka, linambandika bosi wake, na mwishowe linambandika bibi harusi wake mwenyewe kwenye paji la uso. Wazazi wao waliicheka. Hata walioajiriwa wiki iliyopita, wenye simu zilizojaa video mpya, walishika mbavu. Nani kati yao hajawahi kulala huku vidole vikiendelea kufunga uzi usiokuwepo?

Bi Moto aliipenda sinema hiyo, maana ndani yake hakuna cha kusikia, na kwa saa nzima alikuwa sawa na kila mtu. Lakini aliichukia vilevile, kwa sababu mabosi nao walicheka. "Wanacheka nini hawa?" alimwambia wifi yake kwa midomo. "Si wao ndio wanaoongeza mwendo?"

"Tazama sinema, wifi. Usitutafutie balaa."

Lakini mwaka huo kulikuwa na Meneja mpya, na Meneja mpya hakutazama sinema. Aliketi pembeni mwa shuka pamoja na Kitambi, wameyaelekeza macho kwa watu. Bi Moto akaona pana jambo. Mwanga wa shuka uliwaangukia mashavuni, na midomo yao ikasomeka vizuri kabisa.

"Bibi harusi akitokea tu, piga kengele," Meneja alisema. "Wenye masikio watainuka. Viziwi watabaki wanacheka. Mimi naandika majina."

"Na yule mama wa makelele?"

"Nina hakika ndiye wa kwanza."

Damu ikamchemka Bi Moto. Washenzi wakubwa! Wamechukua kitu pekee kinachowachekesha watu hawa, wakakigeuza mtego. Angeweza kunyamaza, amsubiri bibi harusi, asimame na wenzake, apone. Lakini mbele yake aliketi mzee wa mashine za mwisho, aliyemfundisha kufunga uzi, anacheka mdomo wazi. Mzee yule hasikii hata radi. Na hakuwa peke yake.

Bi Moto akasimama. Akawapita watu magotini, akaingia katikati ya mwanga wa sinema, akainua mikono. Kivuli cha mikono yake kikalifunika lile jitu zima. Akasugua tumbo, ukumbi ukaangua kicheko. Akatikisa ngumi juu. Akashika masikio, akapitisha mkono shingoni kama kisu. Kisha akabonyeza viganja chini, mara tatu, kwa nguvu zake zote.

Kitambi alikuwa anabweka, "Teremsha mikono, we mama!" Hayo alisimuliwa baadaye. Yeye alimwona Meneja tu, anatabasamu, anatikisa kichwa kama anayetazama watoto. Akarudi kwenye benchi lake.

Jitu likamwona bibi harusi. Kitambi akaenda ukutani, akavuta kamba.

Bi Moto hakusikia kitu. Aliona kamba inavutwa, inavutwa tena. Aliona vijana wenye masikio mazima wakiyang'ang'ania mabenchi, jasho linawatoka, meno nje, wanacheka. Mzee wa mashine za mwisho alikuwa anacheka. Watu mia mbili, hakuna aliyeinua hata kisigino.

Meneja akasimama, kalamu mkononi, akatazama safu ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Midomo yake ikasema, "Simameni! Hatari! Hamsikii?" Kwa hasira akapiga hatua mbele ya shuka, pale pale alipokuwa bibi harusi. Na lile jitu, lisilojua habari za mtu, likanyoosha mkono wake mnene na kumbandika lebo katikati ya paji la uso.

Loo! Benchi moja lilipinduka. Wifi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Bi Moto akamgusa goti. "Imelia?" akauliza kwa midomo.

"Bado inalia," wifi akamjibu.